Sura Yangu Ilitangulia Nachingwea

Mara ya kwanza kukanyaga Nachingwea, mji mzima ulikuwa unanijua.

Sikuwa na ndugu pale. Sikuwahi kufika hata kupita tu. Nilishuka kwenye lori la mahindi nikiwa na kifurushi changu kichwani, na mtu wa kwanza kuniona akanitazama mara mbili, akamgonga mwenzake kiwiko.

"Si ndiye huyu?"

"Ndiye. Tena mzimamzima."

Nikadhani wamenifananisha. Nikaendelea na safari yangu.

Nikapita kwa wauza samaki wakavu, wakanyamaza wote. Nilipowapa mgongo tu, kicheko. Akatokea mwanamume mmoja wa kaptula ya kaki, akanivulia kofia kwa kejeli.

"Bibi harusi wa Mbekenyera! Leo umekuja kwa mume yupi? Wa Chiola au wa hapa?"

Nilikuwa na mimba changa, nimetapika njia nzima, sina hamu na binadamu yeyote. Nikamjibu, "Kamuulize mama yako, yeye ndiye anayejua hesabu za waume."

Wenzake wakamcheka. Lakini mimi nikaondoka na maswali. Huyu mtu kaijuaje Mbekenyera? Kamjuaje mtu wa Chiola? Na kwa nini aniite bibi harusi, mimi mke wa mtu?

Naitwa Mwanamvua. Nina miaka tisini na ushee. Mjukuu wangu ndiye anayeandika, mimi nasema tu, na nimemwambia akilainisha neno langu hata moja asiguse ugali wangu leo. Najua wengine mtasema bibi ana kinyongo. Ndiyo, ninacho, na ninakitunza vizuri.

Mwaka huo ulikuwa 1950. Wazungu walikuwa na ule mradi wao wa karanga, wamefyeka msitu, wameleta matrekta, Nachingwea imejaa watu wa kila kabila. Mume wangu Awadhi alikuwa mmoja wao. Mtu wa Korogwe, dereva wa trekta, mwenye viatu na mwenye maringo.

Tulioana kwetu Mbekenyera. Kwa sisi Wamwera wa enzi zile, mwanamume ndiye anayehamia upande wa mke. Kwa hiyo Awadhi alijengewa nyumba kwenye kiwanja cha mama yangu, akawa anakwenda kazini Nachingwea na kurudi mwisho wa mwezi. Tulikuwa hatujamaliza hata mwaka.

Nilimpenda. Nasema ukweli, nilimpenda sana yule mwanamume.

Sasa nisikilizeni, maana shina la mambo yote ni harusi ya Sikuzani.

Sikuzani ni binti wa mama yangu mdogo. Aliolewa na kijana mmoja Myao wa Chiola, anaitwa Abdalah. Na sisi kwetu, Wamwera na Wayao ni watani. Nyie watoto wa siku hizi mnadhani utani ni kuchekeshana kwenye simu. Hapana. Utani ulikuwa na meno.

Mtani wako anaweza kukutukana msibani kwako, na ukacheka. Anaweza kuingia ndani akabeba jogoo wako, na huwezi kumwita mwizi. Unachoweza ni kumkomboa huyo jogoo. Unamuuliza mtani, "Unataka nini?" Akisema, unampa, anakurudishia kuku wako, mnakula pamoja. Ukikasirika, aibu ni yako.

Basi kwenye harusi, sisi watani wa upande wa bibi harusi tuna kazi yetu. Bwana harusi akishaketi, kabla bibi harusi hajatolewa ndani, mmoja wetu anajitanda ushungi, anakwenda kukaa kwenye kiti cha bibi harusi, na hatoki mpaka kiti kikombolewe.

Mwaka ule zamu ilikuwa yangu. Nilichaguliwa kwa sababu nina mdomo.

Nikajitanda kanga mpya, nikaingia kwa madaha, nikajibwaga kwenye kile kiti. Nikamkumbatia Abdalah shingoni.

"Huyu mume nimemchukua! Sikuzani akatafute wa kwake! Anayetaka kiti aje akikomboe!"

Watu walikuwa hoi. Shangazi zake Abdalah wanapiga vigelegele, wanatukana, wananirushia maganda ya karanga. Na yeye masikini ameinamisha kichwa kwa aibu, kama bwana harusi anavyotakiwa.

Hapo ndipo nikasikia *kacha*.

Mbele yangu amesimama kijana wa kofia ya jua, ameshika kisanduku cheusi tumboni.

"Wewe umefanya nini?" nikamuuliza.

"Nimewapiga picha."

"Nani kakwambia?"

"Harusini mtu anaombwa?" Akacheka, akageuza mgongo.

Kabla yangu alikuwa amejaribu kumpiga picha bibi yangu mzaa mama, Bibi Mwanabibi. Bibi akamwinulia mchi wa kutwangia. "Mimi hujaniomba. Ukinielekezea hicho kidude nakupasua." Kijana akampita mbio. Mimi sikuwa na mchi, nilikuwa nimekumbatia shingo ya mtani.

Kijana mwenyewe aliitwa Fransisko. Alikuwa anakaa Nachingwea na kujisifu kwamba anajua kazi ya Wazungu. Aliletwa na rafiki mmoja wa Abdalah, akapiga picha moja ile, akapewa sahani ya wali, kisha akadandia lori lililokuwa linakwenda Ruangwa. Sikuzani alipotolewa ndani, yeye hayupo. Bibi harusi wa kweli hakumwona hata ukucha.

Mimi nikasahau. Nani angekumbuka?

Ikapita kama miezi miwili. Awadhi, aliyekuwa ameshajua nina mimba, hakurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Akaja dereva wa lori na ujumbe: "Mumeo anasema uje Nachingwea, yeye haji." Mama akafurahi. Akasema labda kapewa nyumba ya mradi anataka kunionyesha. Nikaoga, nikapaka mafuta, nikafunga kifurushi.

Ndiyo siku ile niliyoshuka kwenye lori nikakuta mji unanijua.

Aliyeniokoa pale sokoni ni mwanamke mmoja muuza uji, Magreti, Mmakonde mwenye chale usoni. Aliniona nahangaika, akanivuta pembeni.

"Dada, wewe huna habari?"

"Habari gani?"

"Njoo."

Akanipeleka mpaka kibanda kimoja karibu na soko. Nje kuna ubao, na kwenye ubao zimebandikwa picha za watu. Wazee wamesimama wima, watoto wamevaa viatu vya kuazima. Na katikati, kubwa kuliko zote, nipo mimi.

Mimi na Abdalah. Mkono wangu shingoni kwake. Ushungi umekaa vizuri, meno yote nje. Yeye ameinama kwa haya.

Wote waliokuwa wanacheka, wanatukana na kurusha maganda walikuwa nje ya ile karatasi. Tumebaki wawili tu. Ungeapa ni watu waliooana asubuhi ile.

Chini yake imeandikwa kwa wino mweupe: BWANA NA BIBI HARUSI, MBEKENYERA.

Nikamshika Magreti bega.

"Madereva wote wa matrekta wamepita hapa," akaniambia polepole. "Mumeo alikutambua mbele yao, na huyo kijana wa Chiola wanamjua. Wanamcheka mumeo. Wanasema akishika usukani huku, wewe kule unaolewa."

Nikaingia kwenye kile kibanda bila hodi. Fransisko alikuwa amekaa anakula muhogo.

"Itoe ile picha."

Akanitazama, akanitambua, akatabasamu. "Bibi harusi! Inapendwa sana ile. Imeniletea wateja."

"Mimi si bibi harusi. Nilikuwa kwenye utani. Itoe."

"Siitoi."

"Ni sura yangu!"

"Sura yako, karatasi yangu. Dawa yangu, kazi yangu. Ulikuja kwenye harusi ya watu, ukakaa mbele ya watu. Ulitaka usionekane, ungebaki kwenu."

"Nilitaka kuonekana na waliokuwepo! Nani alikwambia unibebe unilete kwa wasiokuwepo?"

Akatafuna muhogo wake. "Nenda kashitaki."

Yaani nilitamani kumrukia. Magreti ndiye aliyenishika kiuno.

Nikaenda kwa Awadhi. Nikajua nikimweleza tu yataisha. Mume wangu ananijua, nikasema. Mume wangu amekaa kwetu, ameona watani wakibeba kuku.

Nilimkuta mbele ya mabweni ya wafanyakazi, yuko na wenzake. Sikupata nafasi hata ya kusalimia.

"Umekuja, malaya?"

Nilisikia vizuri. Watu wote pale walisikia.

"Awadhi, ile picha ni utani, nilikuwa nimekaa kiti cha Sikuzani…"

"Utani! Kila uchafu wa kwenu mnauita utani. Na hiyo mimba ni utani pia? Ipeleke Chiola kwa mwenyewe!"

Akanitemea mate miguuni. Akachukua kifurushi changu, akakirusha kule barabarani kwenye vumbi jekundu. Mafuta ya nazi niliyomletea yakamwagika juu ya kanzu niliyomshonea.

Sikulia. Nililia baadaye, kwa Magreti, nimejifunika gubigubi kwenye mkeka wake. Nililia kwa sababu sikuwa na kosa, na sikuwa na mahali pa kuanzia kujieleza. Mtoto wangu hajazaliwa, na tayari mji mzima umeshamwita mwana haramu. Kwa karatasi.

Nikamwita mjomba wangu Halfani kutoka Mbekenyera. Kwetu mjomba, kaka wa mama, ndiye mwenye kauli. Alikuja amevaa koti lake la jeshi alilorudi nalo vitani, hana maneno mengi. Alikwenda kuitazama ile picha. Aliporudi akasema, "Twende kwa Liwali."

Siku ya baraza palijaa kama mnadani. Nachingwea nzima ilitaka kumwona bibi harusi wa waume wawili. Liwali amekaa mbele, kando yake wazee wa baraza, na mmoja wao ni Mmwera mwenzetu, Mzee Kaimu. Awadhi yuko upande wa pili na madereva wenzake, amekunja sura. Fransisko alikuja na kamera yake inang'aa, akaiweka mezani mbele ya wote. Alikuwa amejipendekeza kwa Liwali, akimwahidi kwamba baraza likiisha atawapiga picha wazee bure.

Mjomba akaeleza. Mimi nikaeleza. Liwali akamgeukia Fransisko.

"Ulimwomba huyu mwanamke kabla ya kumpiga?"

"Bwana Liwali, ni harusi. Mgeni akishafika harusini amekubali kila kitu."

"Kuna sheria inayosema hivyo?"

"Kuna sheria inayonikataza?"

Liwali akawageukia wazee. Wazee wakatazamana. Haikuwepo, na Fransisko alijua. Akavimba kichwa pale pale.

"Na kwa nini umeandika bibi harusi?"

"Nilimkuta kwenye kiti cha bibi harusi. Nikajua ndiye. Ni kosa la macho tu, Bwana Liwali."

Mjomba Halfani akasimama.

"Kijana, wewe kabila gani?"

"Mmakua."

"Mmakua wa wapi?"

"Masasi."

"Mmakua wa Masasi amefika harusi ya Mmwera na Myao, kamkuta mwanamke anatukanwa na kurushiwa maganda, anadai kiti kikombolewe, na hakujua kwamba ni utani?"

Baraza likaguna. Mzee Kaimu akatikisa kichwa. Hakuna Mmakua wa kusini asiyejua utani, hata kipofu. Fransisko alikuwa amenaswa. Akijibu hajui, ni mwongo. Akijibu anajua, basi aliandika uongo kwa makusudi ili picha ivutie watu.

Lakini yule kijana alikuwa na akili ya sungura. Uso ukamng'aa.

"Ni kweli, Bwana Liwali. Nilijua. Na kwa kuwa Mmakua na Mmwera ni watani, mimi ni mtani wake huyu. Nilimtania! Nimemwozesha kwa picha. Muulize Mzee Kaimu, mtani akikufanyia jambo kuna kesi?"

Watu wakalipuka kwa kicheko.

Liwali akamwuliza Mzee Kaimu. Mzee wa watu alinitazama kwa huruma, akashindwa kudanganya.

"Mmakua ni mtani wetu, Bwana Liwali. Na la mtani halishitakiwi. Hata akichukua mali."

"Basi," akasema Liwali, "kesi hakuna. Alilofanya mtani halina kesi hapa. Mwanamke, nenda nyumbani ukacheke na wenzako."

Nikatazama upande wa Awadhi. Alikuwa anacheka. Mdomo wazi, anampiga mwenzake begani. Yale mateso yangu yote, mate yake miguuni kwangu, sasa yamekuwa kichekesho, naye amefurahi kwa sababu wenzake hawamcheki tena yeye.

Nikasimama.

Nikanyoosha mkono. "Bwana Liwali, samahani. Nataka kuelewa. Huyu ni mtani wangu?"

"Nimeshasema."

"Na la mtani halina kesi."

"Halina."

"Hata mali."

"Mama, umemsikia Mzee Kaimu. Kaa chini."

Sikukaa chini. Nilitembea mpaka mezani, nikaichukua ile kamera, nikaifunga kwenye kanga yangu kiunoni, nikaelekea mlangoni.

Kwanza walidhani naigiza. Nilipovuka kizingiti ndipo Fransisko akapiga yowe.

"Mwizi! Mshikeni! Kamera yangu!"

Nikageuka. "Mtani haibi. Anachukua."

"Bwana Liwali!"

Liwali akamtazama Mzee Kaimu. Angesema nini? Hukumu yake mwenyewe haijapoa. Mzee Kaimu alijifunika uso kwa mikono miwili, mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Ile si yangu!" Fransisko sasa alikuwa analia kabisa. "Ni ya bwana wangu Mzungu! Nilimfulia nguo, nikaichukua kwenye sanduku lake, hajui! Jumamosi anarudi kutoka Lindi alikokaa miezi mitatu!"

Mjomba Halfani akainua nyusi.

"Kumbe na kamera nayo hukuiomba?"

Jamani, lile baraza. Nasikia watu walilisimulia mpaka Ruangwa, mpaka Masasi. Hata askari wa mlangoni aliegemea ukuta.

Fransisko akanikimbilia nje, akapiga magoti kwenye mchanga. Zile mbwembwe zote zimeisha.

"Mtani wangu. Nakomboa. Unataka nini?"

Angalau hilo alilikumbuka. Nikamwambia ninachotaka. Sikutaka kanga wala jogoo wala senti yake. Nilitaka aitoe ile picha ubaoni, aivae kifuani kwa kamba, apite sokoni kibanda kwa kibanda, na kwa kila mtu aseme kwa sauti: "Huyu ni mke wa mtu, alikuwa kwenye utani. Mimi nilijua, nikaandika uongo. Na sikumwomba."

"Mtani, nitachekwa mji mzima."

"Mimi nilichekwa hata kabla sijashuka kwenye lori."

Akaenda. Nilimfuata nyuma kila hatua, kamera kiunoni. Kwa wauza samaki akasema. Kwa mafundi cherehani akasema. Akijaribu kunong'ona, Magreti anagonga debe la uji, "Hatusikii!" Alipofika kwa yule wa kaptula ya kaki, nikamwambia arudie mara mbili.

Mwisho nikamwambia anipe ile picha. Akanyoosha mkono kunipa.

"Hapana. Kwanza niombe."

"Nikuombe nini tena?"

"Uniombe ruhusa ya kukaa na sura yangu."

Akaomba. Nikamkatalia. Nikaichukua mwenyewe kutoka shingoni kwake, nikaiweka kwenye moto wa Magreti, ikajikunja na kuwa jivu chini ya sufuria ya uji. Ndipo nikampa kisanduku chake cha kuiba.

Mngedhani yameishia hapo. Hata mimi nilidhani.

Watu bado wanatawanyika, nikamwona Awadhi anakuja. Ameshanunua kanga dukani, ameikunja vizuri, anatabasamu lile tabasamu lake lililoniroga mwanzo. Madereva wenzake wako nyuma yake, wananishangilia sasa. Nimekuwa shujaa wao.

"Mke wangu," akasema, "umewakomesha! Basi yameisha. Twende nyumbani. Kumbe kweli ulikuwa utani tu."

Akaninyooshea ile kanga.

Nawaambia, ilikuwa nzuri. Na mimi nilikuwa na mimba yake, na nilikuwa bado nampenda. Kungekuwa rahisi sana kunyoosha mkono.

"Fransisko ni Mmakua," nikamwambia. "Alinitania. Nikamtania. Tumemalizana."

"Ndiyo, yameisha."

"Wewe ni mtu wa Korogwe, Awadhi. Uliniita malaya mbele ya watu. Ukalitupa tumbo langu Chiola. Wewe si mtani wangu."

Tabasamu likaondoka. Akaishusha ile kanga.

"Mwanamvua, zile zilikuwa hasira."

"Najua. Ndiyo maana ni kesi."

Nikamgeukia mjomba. Mjomba akashika njia. Tukarudi barazani, Liwali alikuwa anakusanya vitu vyake aondoke. Alituona akashika kichwa.

"Wewe tena! Kesi gani sasa?"

"Hii haina utani ndani yake, Bwana Liwali."

Akaketi. Akamwita Awadhi, akamwuliza kama kweli alisema yale maneno. Mashahidi walikuwa wale wale madereva wake, na hakuna aliyethubutu kudanganya mbele ya mji mzima. Liwali akamwuliza Mzee Kaimu swali moja tu.

"Kati ya Wamwera na watu wa Korogwe kuna utani?"

"Hapana, Bwana Liwali," akasema Mzee Kaimu, na safari hii hakunitazama kwa huruma. "Hakuna hata chembe."

Talaka yangu ilitoka kabla jua halijashuka. Nikarudi Mbekenyera kwenye nyumba yangu, kiwanja cha mama yangu, shamba la mama yangu. Awadhi alifuata viatu vyake siku nyingine, akavikuta nje ya uzio. Mtoto akazaliwa salama, akakua kwa wajomba zake, na hakuna aliyewahi kumwuliza baba yako nani.

Sasa nyie mnaobeba simu kwenye sherehe za watu, nisikilizeni.

Mtu akija kwenye harusi yako, au msiba wako, amekuja kula nawe na kulia nawe. Hakuja kukupa sura yake uende nayo. Picha haisikii kicheko cha waliokuwa pembeni. Haijui nani mtani na nani mke. Wewe unaona unajifurahisha, kumbe mwenzio kesho anaitwa malaya mahali ambapo hajawahi kufika. Mwulize kwanza. Akisema hapana, shusha mkono. Haikugharimu kitu.

Na usiniambie mbona hakuna sheria. Siku hizi mjukuu wangu anasema zipo. Zikiwepo, zisiwepo, mimi nina yangu.

Ukiniona kwenye sherehe na ukaninyooshea simu bila kuniomba, nitaichukua. Ukianza kulia mwizi, mwizi, nitakuuliza kwanza kabila lako.